Picha Ileile, Jina Jipya: Filamu Asilia na Filamu za Kurudiwa, Zikitazamwa Kutoka Mara

Serengeti ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zilizopigwa filamu mara nyingi mno, na nyingi ya filamu hizo hazitofautiani. Nyumbu wanavuka mto, mamba anawasubiri, simba jike ananyatia, jua linatua nyuma ya mgunga. Kata ya Kenyamonta, tunakoyatazamia haya, iko wilayani Serengeti, katika nchi ya Wangoreme, kusini mwa Mto Mara. Ng'ambo ya mto ni Tarime. Katika filamu hizo, watu wa kusini na wa kaskazini mwa mto ni kama hawakuwahi kuwapo. Zile walizoletewa wao, kuanzia enzi za malori ya sinema hadi mikanda ya video, diski na simu, kwa sehemu kubwa zimekuwa marudio ya visa vya kwingine. Ndiyo maana historia ya filamu asilia Tanzania huonekana vizuri zaidi kutoka huku mwisho wa barabara kuliko kutoka Dar es Salaam. Watunzi hawakukosekana. Kilichoamua watu waone nini ni njia ya kuisafirisha filamu, na njia hiyo tangu mwanzo iliipa nakala nafasi ya mbele.

Jaribio kubwa la kwanza la kuwatengenezea filamu Waafrika wa ukanda huu lilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937. Mradi huo, Bantu Educational Kinema Experiment, uligharamiwa zaidi na Shirika la Carnegie la Marekani, na upigaji picha ulikuwa chini ya Meja L. A. Notcutt. Filamu 35 zilitengenezwa, za minyoo, za akiba ya posta, za kilimo na ufugaji, zikazungushwa kwa lori Tanganyika na katika makoloni jirani. Sauti haikuwa ndani ya mkanda wenyewe bali kwenye santuri, ili mkanda mmoja usemeshwe lugha hii leo na nyingine kesho. Utaratibu huo wa picha moja na sauti nyingi ungedumu kuliko mradi wenyewe.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, Colonial Film Unit, kwanza kwa ajili ya propaganda za vita. Wakuu wake waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu inayokwenda haraka, kwa hiyo visa vyao vilikuwa vya polepole na vya mfano mmoja. Kulikuwa na mwerevu na mjinga. Mwerevu husikiliza ushauri wa bwana shamba au daktari na kufanikiwa. Mjinga hupuuza na kuangamia. Muundo huo ulitumika Afrika Magharibi, ukatumika Mashariki, ukabadilishwa mazao na mavazi tu. Wanaodhani tabia ya kurudia filamu ilianza na wafanyabiashara wa Kariakoo wanasahau kwamba serikali ndiyo iliyotangulia.

Filamu za hadithi kwa Kiswahili zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Tanganyika ilipoitumia kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg. Kati ya zilizotoka ni Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Muhogo Mchungu, kisa cha mshamba anayeingia mjini na kukiona cha mtema kuni, inakumbukwa zaidi kwa sababu ya mwigizaji wake, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye Januari 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu. Kisa chenyewe hakikuwa kipya hata kwa waliokitengeneza: mwaka 1949 Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kutoa Jim Comes to Jo'burg, yenye safari ileile ya kijana kutoka shamba kwenda mjini. Hata hivyo Muhogo Mchungu ilikuwa na kitu ambacho filamu za minyoo hazikuwa nacho, nacho ni Kiswahili cha Dar es Salaam kilichosemwa na watu wa Dar es Salaam, pamoja na mzaha wao.

Baada ya uhuru, serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, mwaka 1968, iagize, isambaze na kutengeneza filamu. Kazi yake iliyojulikana zaidi katika miaka ya 1970 ilikuwa Fimbo ya Mnyonge. Maskini aitwaye Yombayomba anaondoka kijijini, anahangaika mjini, kisha anapata wokovu katika kijiji cha ujamaa. Serikali ilikuwa imebadilika, bendera imebadilika, lakini mji ulibaki kuwa mtego na mshamba alibaki kufundishwa. Aliyepata kuiona Muhogo Mchungu asingehitaji kusubiri mwisho ili ajue mambo yanaelekea wapi. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii kijiji ndicho kilichokuwa na jibu, na kwa wakati wake hilo lilikuwa jambo la kufikirisha, hasa kwa watu waliokuwa wakihamishiwa katika vijiji hivyo.

Iliyovunja mstari huo ni Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill mwaka 1985. Haizidi dakika 40. Mariamu ni mgonjwa, hospitali haijamsaidia, na hofu aliyoibeba tangu utotoni inamzuia kwenda kwa mganga. Filamu haimcheki mganga wala haimsujudii; inamfuata mwanamke huyo ndani ya hofu yake. Mulvihill na Martin Mhando baadaye walifanya Maangamizi: The Ancient One, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, mwaka 2001. Hizi ni kazi asilia kwa kipimo chochote, na ni vigumu kumpata mtu wa kijijini Mara aliyeziona. Zilipita katika matamasha, vyuo na kumbi za ng'ambo. Uasilia wake haukuwa na lori.

Hapa panahitaji tahadhari, maana neno asilia hutumika ovyo. Kusimulia upya si kosa, na katika jamii ambamo hadithi huishi mdomoni ndiyo kanuni: kila msimulizi wa mkasa wa fisi na sungura huupokea kwa mwingine na kuutia chumvi yake. Mtu mashuhuri kuliko wote waliozaliwa Mara, Julius Nyerere wa Butiama, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar ikachapishwa mwaka 1963, akaipitia upya, kisha mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Katika jina hilo la pili pekee amekwisha kuingiza siasa yake, kwa kuwa wafanyabiashara wa Shakespeare wamegeuka mabepari. Katika filamu, Seven Samurai ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954 ilizaa The Magnificent Seven ya Marekani mwaka 1960, na damu ya zote mbili imo katika Sholay ya India ya mwaka 1975, iliyopendwa sana Afrika Mashariki. Hakuna anayeiona Sholay akasema ni filamu ya Kijapani. Urafiki wa Jai na Veeru, nyimbo, jambazi Gabbar Singh, vyote vimeota katika ardhi yake. Kipimo chenye maana basi ni kama msimulizi ameongeza kitu ambacho yeye tu, akiwa mahali alipo, angeweza kukiongeza.

Kwa kipimo hicho, filamu za Serengeti zimefeli vibaya, na zinastahili kuchunguzwa kwa undani kwa sababu ndizo zilizoifanya sura ya wilaya hii ijulikane duniani. Mfano wa zote ni Serengeti darf nicht sterben ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ya mwaka 1959. Wajerumani hao waliruka juu ya mbuga kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakahesabu wanyama 366,980. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959, na mwaka uliofuata filamu ilipata Oscar ya filamu za makala. Ilikuwa kazi ya kwanza ya aina yake na ilitengenezwa kwa ujasiri. Ila hoja yake kuu, kwamba mbuga hiyo ni ya wanyama na binadamu hana nafasi ndani yake, ilikwenda sambamba na kuondolewa kwa Wamasai katika Hifadhi ya Serengeti na kupelekwa Ngorongoro mwaka huohuo wa 1959. Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata na Wangoreme walizidi kubanwa katika mawindo na malisho, na mwaka 1994 yakaongezwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Mara na kuyatolea kitabu Imagining Serengeti mwaka 2007, alionyesha kwamba nyika hiyo inayoitwa tupu imejaa majina ya mahame, visima na njia za koo. Kwa maneno mengine, mkoba wa hadithi ulikuwapo siku zote. Kamera zilikuwa zikielekezwa kwingine.

Baada ya Grzimek kilichofuata ni nakala. Televisheni za Ulaya na Marekani zilirudi karibu kila msimu wa nyumbu. Mwaka 1994 Disney ilitoa The Lion King, yenye mifupa ya Hamlet, nyika ya Afrika Mashariki na majina ya Kiswahili. Maneno "hakuna matata", yaliyokuwa yamekwisha kuzunguka duniani katika wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa wa mwaka 1982, yakasajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni hiyo mwaka 2003. Mwaka 2019 Disney iliitengeneza upya filamu hiyohiyo kwa picha za kompyuta zinazofanana na wanyama halisi, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Mwaka huohuo BBC ilionyesha mfululizo ulioitwa Serengeti, ambamo simba na nyani halisi wamepewa majina, wivu na visasi, na msimulizi ni John Boyega. Yaani mwaka mmoja katuni iliigizwa kama maisha ya porini, na maisha ya porini yakasimuliwa kama katuni. Hata The Royal Tour ya mwaka 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anamtembeza mwandishi Peter Greenberg nchini, ilikuwa mtindo uliokwisha kutumika kwa viongozi wa Jordan, Mexico na Rwanda. Ilileta watalii, na hilo ndilo lililokuwa lengo.

Filamu moja iliyopigwa wilayani humo ilikwenda kinyume na desturi hiyo. In the Name of Your Daughter, ya Giselle Portenier wa Kanada, ya mwaka 2018, haina simba. Inawafuata wasichana wanaokimbia ukeketaji msimu wa tohara na kupokewa katika nyumba salama mjini Mugumu, iliyoongozwa na Rhobi Samwelly. Nayo ni ya mgeni, na ilikusudiwa kwanza watazamaji wa ng'ambo. Lakini mkasa wake usingeweza kuhamishiwa nchi nyingine kwa kubadili mavazi. Wasichana wanabishana na wazazi wao kwa majina, kwa ng'ombe wa mahari na kwa hesabu za koo zao.

Upande wa watazamaji, mambo yalikwenda kwa njia nyingine kabisa. Kumbi za sinema zilikuwa mijini, na zilizozijaza kumbi hizo kwa miongo mingi zilikuwa picha za Kihindi, kuanzia Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, ila Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Katika pengo hilo ndimo deki ya video ilimoingia, milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Kibanda umiza kilizaliwa: televisheni moja, deki moja, mabenchi ya mbao, jenereta pale umeme ulipokosekana, na ubao nje wenye majina ya picha za leo kwa chaki. Kiingilio kilikuwa kidogo, joto kubwa. Vijiji na vituo vya biashara ambavyo havijapata kuwa na ukumbi wa sinema vilipata mahali pa kutazamia Rambo, Komando na Jackie Chan, na watoto wakajifunza kwamba steringi hafi.

Ndani ya vibanda hivyo ndimo ulimotokea ubunifu ambao watu wa filamu walichelewa kuuheshimu. Wengi wa watazamaji hawakujua Kiingereza, Kihindi wala Kichina, hivyo akahitajika mtu wa kuwasemea waigizaji. Aliyepata jina kubwa kuliko wote Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Alianza kwa kutafsiri mbele ya watu, kisha akarekodi sauti yake juu ya mikanda, na mikanda hiyo ikasambaa nchini. Lufufu hakutafsiri neno kwa neno. Aliwapa wahusika lakabu, akakumbusha yaliyopita kwa waliochelewa kuingia, akaeleza desturi za Wamarekani, akamsema adui, akamwonya steringi asigeuke nyuma. Filamu ileile ikipita kwa msimulizi mwingine iligeuka kuwa kitu kingine, na wateja waliuliza kwanza nani ameitafsiri ndipo waulize inahusu nini. Bila shaka kazi hiyo ilifanyika bila kibali cha wenye filamu. Pamoja na hayo, kwa kipimo kilichotajwa hapo juu, sauti hiyo ndiyo iliyokuwa kitu kipya ndani ya kibanda.

Kazi hiyohiyo ilishamiri Kenya kwa DJ Afro na Uganda kwa VJ Jingo na wenzake. Uganda walikwenda hatua mbele. Isaac Nabwana wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu ya mapigano iliyotengenezwa kwa vyuma chakavu na kompyuta za kuunganisha, maneno ya VJ Emmie yaliunganishwa nayo moja kwa moja. Sauti ya kibanda, iliyokuwa nyongeza juu ya kazi za watu wengine, sasa ilikuwa sehemu ya kazi yao wenyewe. Tanzania haikufanya hivyo. Sababu moja ni kwamba waigizaji wake walitoka katika vikundi vya maigizo na tamthilia za televisheni, na hao waliona mtafsiri kama mshindani.

Soko la filamu za nyumbani lilifunguka na Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003. Ilikuwa na wasanii wa Bongo Fleva, vijana wa mjini na mapenzi yao, na ilikaa mahali pake vizuri. Karibu wakati huohuo filamu za Nigeria zilikuwa zimekwisha kuingia kila duka la kukodisha, nazo zilileta mfano uliothibitishwa wa kuuza: mchawi, mke wa pili, utajiri wa kafara, mchungaji anayekuja mwishoni. Filamu za kutisha za Mussa Banzi kama Shumileta zilichanganya mfano huo na majini na mizimu ya hadithi za hapa, na mchanganyiko huo ulikuwa na uhai wake. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga, alikwenda mbali zaidi. Aliigiza na Wanigeria katika Dar to Lagos, na baadaye akamleta Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Majina ya filamu yakawa ya Kiingereza hata pale mazungumzo yote yalipokuwa ya Kiswahili. Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliomzika Dar es Salaam ulionyesha jinsi filamu hizo zilivyokuwa zimeingia majumbani, za kuiga na zisizo za kuiga.

Lawama za kuiga ziliwaangukia watunzi, lakini hesabu za biashara zinaeleza zaidi. Msambazaji alinunua filamu kwa malipo ya mara moja. Mtayarishaji hakupata kitu katika nakala zilizouzwa baadaye, hivyo faida yake ilikuwa katika kupiga picha siku chache na kuanza nyingine. Kisa kimoja kilikatwa vipande viwili ili kiuzwe mara mbili. Kava lilikuwa muhimu kuliko hati ya filamu. Juu ya yote, siku chache baada ya kutoka, diski za kuchoma zilikuwa barabarani. Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo tangu 1999, na mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kubandika stempu kwenye kazi za muziki na filamu, lakini mkaguzi wa stempu hafiki kirahisi kila gulio la Mara. Katika soko la namna hiyo, mwenye kutumia miaka miwili akitafiti kisa kipya humaliza akiwa maskini kuliko mwenye kuangalia filamu ya Lagos usiku mmoja na kubadili majina.

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na tafsiri rasmi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Azam TV ikafuata na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti kwa Kiswahili. Waigizaji wa sauti hizo sasa wana mikataba na studio, lakini wamefungwa kufuata midomo ya waigizaji; uhuru wa Lufufu wa kuchomekea utani hawana.

Kwa upande mwingine, kazi asilia hazijakoma. Amil Shivji alitoa T-Junction mwaka 2017, kisha mwaka 2021 Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950. Hiyo nayo ni kusimulia upya, ila chanzo chake ni kitabu kilichosomwa katika shule za hapahapa. Binti ya Seko Shamte, nayo ya mwaka 2021, ikaingia Netflix, filamu ya kwanza ya Tanzania kufika huko. Tamasha la Filamu la Nchi za Majahazi, linalofanyika Zanzibar tangu 1998, limekuwa mlango mkuu wa kazi za aina hii.

Tatizo la njia bado halijatatuliwa. Netflix hudai kadi ya benki na intaneti isiyokatika. Kibanda umiza siku hizi huishi zaidi kwa mechi za Simba na Yanga na Ligi Kuu ya Uingereza kuliko kwa filamu. Kwa anayetaka filamu katika senta ya kijijini wilayani Serengeti au Tarime, mahali pa kawaida ni duka la kuchajia simu lenye kompyuta, ambako muuzaji hujaza memori kadi kwa bei ya kifurushi: sizoni za Kikorea, picha za mapigano zilizotafsiriwa, Bongo Movie chache. Filamu hufika kwenye kompyuta hiyo ikiwa imekwisha kudurufiwa na wengi kabla yake. Iliyoonyeshwa mara mbili tu, katika tamasha na katika ukumbi wa Dar es Salaam, hapo haimo.